Barua Ambayo Sitaifunga

Kasereka wangu, mume wangu, na tangu sasa Baba Paluku,

Tazama jinsi nilivyoliandika hilo jina jipya! Nimelijaribu pembeni mwa karatasi hii kama msichana wa shule anayejaribu sahihi yake: Baba Paluku, Baba Paluku. Mtoto ana masikio yako, yale yanayosimama kidogo kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. Ana vidole vyako virefu. Analala amekunja ngumi, na mimi namtazama mpaka chai yangu inapoa, nikijiambia kwamba kutoka Mususa hadi Kimemi hakuna mwanamke aliyeolewa kama nilivyoolewa mimi.

Nakuandikia nikiwa hospitalini, nimelala kwa ubavu, mto umeegemea mgongo wangu. Nataka kukusimulia habari ya neno moja lililonitesa kuliko kisu cha daktari. Utacheka. Huko uliko nadhani kicheko ni haba, basi hiki nakitia katika barua kama mtu anavyotia chumvi katika mboga ya sombe. Mahali penyewe sitaki kupataja kwanza. Nitafika.

Unakumbuka siku niliyoingia katika kibanda chako pale Kimemi kutafuta mawe, betri za redio ya baba? Mvua ilikuwa inapiga mabati hata tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Vita ilikuwa imetufundisha sote kuanika mawe juani na kuyang'ata kwa meno ili yaseme tena kidogo, na yale niliyokuletea yalikuwa yamejaa alama za meno ya baba yangu. Uliyageuzageuza mkononi ukatikisa kichwa. "Haya imekufa, mama. Ata uifanyie misa, haitaamuka." Nikasema, kwa Kiswahili changu cha shuleni, "Naomba basi unipatie mapya mawili, tafadhali." Ukaangua kicheko. "Eh! Huyu anasema kama redio yenyewe! Donc wewe hauhitaji mawe!"

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na siku iliyofuata nikarudi kwako. Nikarudi tena. Baba akaanza kushangaa: "Hii redio inakula mawe kuliko vile mbuzi inakula majani." Hakujua kwamba redio ilikuwa nzima, na kwamba binti yake ndiye aliyekuwa na kasoro.

Ndoa yetu haijamaliza mwaka, Kasereka, na bado kila nikikumbuka ile misa ya ndoa nasikia joto mashavuni. Lakini kinachonijia zaidi ni zile jioni zetu kabla ya taa kuzimwa, ulipokuwa unaweka mdomo wako juu ya tumbo langu na kuongea na aliyekuwa ndani. Kwetu majina ya watoto hayatafutwi. Yanasubiri katika foleni: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka kama wewe, kisha Kakule, kisha Katembo. Wewe uliwataja kama mtu anayesali rozari, halafu ukabisha hodi tumboni: "Paluku, fanya haraka! Kambale anasukuma nyuma!" Nilicheka mpaka mtoto akageuka. Tangu siku ile Kambale akawa mtu nyumbani kwetu. Hakuwa na mwili bado, lakini alikuwa na zamu yake.

Na nakumbuka asubuhi uliyoondoka kwenda Kamango. Ulikuwa na chumvi, sabuni, na ile katoni ya mawe ya redio, na uliahidi kurudi na kakao kabla mtoto hajafika. Mimi nilikuwa nimekaa chini, miguu imenyooka kwa sababu ya uzito, nikiifunga katoni kwa ile kamba ya katani niliyoisuka mwenyewe, nyuzi nyeupe na nyekundu. Uliniinamia ukasema, "Funga muzuri, Kavira wangu. Barabara iko mubaya." Nikafunga. Nikapiga fundo langu lile la masikio mawili. Ukanibusu kichwani mbele ya mama yako, nikaona haya, nikafurahi.

Paluku hakukungoja. Maji yalivunjika, uchungu ukaja, ukakaa, na mtoto hakushuka. Daktari alipima, akapima tena, akasema kiuno hakifungui njia, lazima wanipasue. Kwa desturi ungejibu wewe. Wewe hukuwapo, na barabara ya Beni, njia yako ya kurudi, ilikuwa imefungwa na wenye silaha, basi mama yako ndiye aliyejibu. Alisimama pale na kitambaa chake cha kichwani kimelegea, akasema, "Mumupasue. Mutoto wangu akirudi, akute muke yake muzima."

Hapo nilimpenda. Ila baadaye kidogo, wakati wananisukuma, nilimsikia akimwambia mtu, "Ile kiuno ni kadogo sana. Kisu ingine itamumaliza." Neno hilo lilikaa katika sikio langu kama mchanga.

Walinichoma sindano mgongoni na miguu yangu ikaniaga. Walitundika kitambaa cha kijani mbele ya uso wangu. Nilisikia kuvutwa, kama mtu anapekua sanduku kubwa akitafuta kitu cha chini kabisa, halafu nikasikia mwana wako akilia, Kasereka, sauti kubwa yenye hasira, sauti ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake! Nililia naye. Na nyuma ya kitambaa daktari akasema, "Muzuri. Tumefunga."

Sikulitilia maanani wakati ule. Nilikuwa mama. Nani anasikiliza maneno ya daktari?

Sindano ilipoanza kunitoka ndipo nilipojua nilichofanyiwa. Nilipokohoa ilikuwa kama mtu ananikunjua kama kitabu kilichogundishwa. Katika kitanda cha jirani alikuwa Mama Zaina, mke wa dereva wa lori, Waislamu wa Beni wanaokaa sasa Kimemi, na huyo alikuwa amepasuliwa mara ya tatu. Alikuwa ametangulia kidogo tu lakini alijifanya mwalimu mkuu. Unajua hapa hawakupi chakula mpaka hewa ya tumboni itoke. Masera, yule mtawa mwuguzi, anapita kila kitanda akiuliza bila haya, "Gaz imetoka?" Mimi nilijificha chini ya shuka. Mama Zaina akapaza sauti: "Masera, huyu alisoma sana, hewa yake inangojea ruhusa kwa Kifaransa!" Na ilipotoka, mume wangu, chumba kizima kilipiga makofi. Nimekuambia kila kitu, hata hilo. Usimwambie mtu.

Masera alileta vidonge. Vilikuwa vyeupe, bila jina, vimesokotwa ndani ya kipande cha karatasi, kwa sababu siku hizi masanduku ya dawa hayafiki. Akasema, "Meza mbele ya maumivu kuamuka. Ikisha kuamuka, kuilalisha tena ni kazi." Nikameza. Nikapata usingizi mtamu mchana ule, mtoto kwapani mwangu.

Na katika kuamka kwangu nikasikia sauti mbili mlangoni, za chini. Mama yako na Mama Zaina.

"Bamemufunga."

"Kufunga kabisa?"

"Kabisa. Hapana mwambia. Akisikia, maziwa itakauka. Apone kwanza."

Kasereka, wewe uliyecheka Kiswahili changu cha vitabu, hebu nisaidie. Mtu akisema "bamemufunga", kisha akasema "apone kwanza", si ni mtu mmoja anayesemwa? Anayetakiwa kupona ndiye aliyefungwa. Nilifanya uchambuzi kama nilivyofundishwa ubaoni. Nikakumbuka "Tumefunga" ya daktari. Nikakumbuka "Kisu ingine itamumaliza." Nikakumbuka nani aliyejibu badala yako. Na nikaelewa: wamenifunga kizazi. Wamekifunga kama mdomo wa gunia, na mama yako ndiye aliyekubali, na chumba kizima kinajua isipokuwa mimi na mtoto mchanga.

Sikulia. Nilimwona Kambale katika foleni yake, na mtu anamwambia mlango umefungwa, rudi kwenu.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa na uso wa pili. Vile vidonge visivyo na jina: kwa nini havina jina? Nilijua kuna vidonge vya kuzuia mimba, tuliambiwa shuleni. Pengine wanamalizia kazi kwa vidonge. Masera alipofika nilitia kidonge chini ya ulimi, nikamwaga maji kooni, nikatabasamu. Alipogeuka nilikitoa na kukifunga katika pindo la kikwembe changu, kile kitenge cha ndege ulichonichagulia kwa ajili ya ndoa. Nikafanya hivyo tena na tena. Pindo likawa zito.

Maumivu yakaamka, kama alivyosema, na hakuna aliyeweza kuyalalisha. Kupiga chafya ilikuwa adhabu. Kugeuka ubavu ilikuwa safari. Walimweka Paluku juu ya tumbo langu anyonye, akapiga teke mahali pale pale, nikapiga yowe hata mtoto wa Mama Zaina akaamka. Maziwa yakaja kidogo kidogo. Mwana wako akalia kwa njaa, nami nikauma shuka. Masera akanishika paji la uso, akanipima joto, akasema na daktari pembeni, na mimi nikajiambia: sasa wanapanga la pili.

Halafu ile sufuria! Kila asubuhi mama yako alikuja na sufuria mbili. Moja ilikuwa yangu, uji na supu. Nyingine ilikuwa na bugali na sombe, imefungwa kwa kitambaa, na hiyo aliondoka nayo. Kesho yake ilirudi tupu. "Unampelekea nani, mama?" "Wagonjwa wengine," akajibu, akitazama ukuta. Mama yako hajui kusema uwongo, Kasereka, uso wake unageuka kama jani. Nikakaa nikifikiri ni nani anayelishwa sombe nzuri namna ile. Unajua nilifikia wapi? Niliamua kwamba kuna msichana mahali fulani, mwenye kiuno kipana, anayenenepeshwa aje kuchukua nafasi yangu. Nilimwona mpaka sura. Nilimpa hata jina.

Nilipouliza juu yako, mama yako alisema, "Barabara imefungwa." Daima hilo. Mama Zaina aliongeza haraka, "Ndiyo, imefungwa, bwana yangu mwenyewe alisema," halafu wakatazamana. Na mume wake alikuwa amepita asubuhi ile ile, buti zake zina tope jekundu la barabara ya Beni! Barabara gani hiyo inayofungwa kwa mume wangu na kufunguka kwa mume wa Mama Zaina?

Nitakuambia jambo la mwisho la siku zile, halafu sitalirudia. Nilikutilia shaka hata wewe. Nilijiuliza kama uliondoka ukiwa umeshakubaliana na mama yako. Nilikumbuka ulivyonibusu kichwani nikajiuliza kama ilikuwa busu ya kuomba radhi kabla. Hapo ndipo nililia, na kulia, mume wangu, kunatikisa tumbo, na tumbo likanijibu.

Ikaja asubuhi ya risasi. Zilianza upande wa kilima, moja, kisha nyingi. Chumba kikamwagika chini. Mama Zaina, aliyepasuliwa mara tatu, aliviringika ubavu, akasukuma kitanda kwa kiwiko, akashuka na mtoto wake chini ya kitanda kama mtu anayechukua kiatu. Mimi nilijaribu kukaa wima moja kwa moja, kwa nguvu za tumbo, na maumivu yakanirudisha kwenye mto kama kofi. Nikajaribu tena. Sikuweza. Nilikuwa nimelala pale juu, na Paluku kifuani, na dirisha liko wazi mbele yangu.

Mama yako alikuwa mlangoni akifika na sufuria zake. Aliziachia. Alikuja ameinama, akaniingiza mikono yake miwili chini ya mabega, akanivuta pamoja na godoro, tukaanguka sote watatu kati ya vitanda. Akalala juu yetu, akijiinua kwa viwiko ili asikandamize kidonda changu. Nilinusa moshi wa jiko katika nguo zake. Alikuwa anasema kwa Kinande, sikioni mwa mtoto, maneno ambayo huwaambia watoto wanapoogopa ngurumo.

Risasi zikaisha. Tukaambiwa baadaye ni askari waliokuwa wanajaribu bunduki mpya, wakicheka. Watu wakaanza kutoka chini ya vitanda wakitazamana kwa aibu. Na pale sakafuni, kati ya supu iliyomwagika, pindo la kikwembe changu lilikuwa limefunguka. Vidonge vyeupe vilikuwa vimetawanyika kila mahali.

Masera aliinama akaokota kimoja. Akakitazama. Akanitazama.

"Na hizi ni nini, Kavira?"

Hapo Kiswahili changu chote cha shuleni kilinitoka kwa kishindo. "Mmenifunga! Mlidhani sitajua? Nimesikia kwa masikio yangu! Mmenifunga kizazi bila idhini yangu wala ya mume wangu, na sasa mnanilisha sumu ili Kambale asizaliwe!"

Halafu kutoka chini ya kitanda chake Mama Zaina akaanza kucheka. Alikamata tumbo lake kwa mikono miwili, akilia na kucheka. "Yoyoyo, usinichekeshe, nitapasuka! Masera akufunge kizazi? Masera? Baba Mtakatifu si atamufukuza kesho! Sikia, Kavira. Miye bamenifunga mara tatu. Kila mara banapasua, kila mara banafunga. Na kila mara bwana yangu anafungua! Na Ramadhani nafunga mwenyewe! Kama kufunga inazuia mutoto, hawa batoto wangu wote batatu ni ba nani?"

Wanawake wote wakacheka, hata yule wa pembeni aliyepoteza mtoto wake na ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu aje. Masera akasema, huku akijizuia, "Daktari alifunga kidonda, mwanangu. Ulitaka akiache wazi?"

Lakini mimi ni yule yule uliyemuoa, siachi jambo katikati. Nikasema, "Na nyinyi wawili mlangoni? Nilisikia. 'Bamemufunga. Hapana mwambia. Apone kwanza.' Nani alikuwa anasemwa?"

Kicheko cha Mama Zaina kilikatika hapo hapo. Akatazama sakafu. Na mama yako, ambaye alikuwa bado amekaa chini karibu nami, akavuta kitambaa cha kichwani akakiweka mdomoni.

"Haikuwa wewe, mwana wangu," akasema. "Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Bwana yako. Bamemufunga kule Beni."

Sasa nimefika mahali nilipokuwa sitaki kupataja. Mume wa Mama Zaina alikuona kwenye barieri, kizuizi cha askari, wakikushusha na katoni yako. Walikata kamba, wakaona mawe, wakauliza: haya ni ya redio ya jeshi gani? Ulisema ni ya redio za watu, za kusikiliza habari na nyimbo. Wakasema hakuna redio nyingi hivyo katika nchi hii maskini. Wakakutia kasho, kile chumba chao cha kufungia watu. Yeye ndiye anayebeba sufuria ya sombe kila safari, na yeye ndiye anayeirudisha. Hakukuwa na msichana wa kiuno kipana. Sombe ile yote ilikuwa yako.

Nitakueleza kilichopita moyoni mwangu, maana tuliahidiana kuambiana yote. Jambo la kwanza lilikuwa furaha! Kwa muda wa kupumua mara moja, niliona mlango wa Kambale uko wazi, nikamwona naye akitabasamu. Pumzi ya pili ikaniletea wewe, umekaa sakafuni penye unyevu, bila viatu, na hujui kama una mtoto. Furaha na hofu zikakutana katika kidonda kimoja.

Nikanyoosha mkono. "Masera, nipe dawa."

Nilimeza mbele yao wote, nikafungua mdomo kama mtoto ili waone.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi mwema, Kasereka, na sababu ni moja tu: kutoka hapa hadi Beni kuna mashimo ambayo yanatikisa hata maembe mabichi yakaiva, na nataka kuyavuka. Sasa nameza kabla maumivu hayajaamka. Siinuki tena kwa tumbo. Naviringika ubavu kwanza, nashusha miguu, nasukuma kwa kiwiko kama Mama Zaina, mwili unafuata wenyewe. Kikwembe chetu cha ndege nimekikunja mara nne, na nikitaka kukohoa au kucheka nakibana juu ya kidonda kwa mikono miwili. Paluku hanyonyi tena juu ya tumbo. Namweka kwapani, miguu yake inatazama nyuma, kama muuza vitabu anavyobeba kifurushi. Maziwa yamekuja, mpenzi wangu, yanamwagika hata nalowesha shuka! Mama yako alitaka kunikanda tumbo kwa maji ya moto kama alivyokandwa yeye, Masera akamkataza, wakabishana kwa Kinande mpaka wakapatana: atanikanda mgongo. Anakanda vizuri sana. Mikono yake ni yako.

Nilianza kwa kutembea hadi dirishani. Halafu hadi mwisho wa ukumbi. Jana nilifika getini, mama yako akinishika kiwiko, na mlinzi akaniuliza, "Mama, unaenda wapi?" Nikamwambia, "Beni." Akadhani natania.

Ila usidhani mashaka yameniisha. Mama yako sasa anasema uko salama, umenenepa hata. Umenenepa, ndani ya kasho? Aligeuka jani tena aliposema hivyo. Mama Zaina anasema mume wake alikuona kwa macho yake, lakini nilipouliza ulikuwa umevaa nini, akasema "shati". Nikakataa kuamini. Nikawaambia: mwambieni atume kitu ambacho hakuna mtu mwingine anayeweza kukituma.

Leo asubuhi sufuria imerudi. Ilikuwa tupu, imekombwa safi, na kitambaa chake kimezungushiwa kamba ya katani, nyuzi nyeupe na nyekundu. Kamba yangu. Imekatwa mahali walipoikata, imeungwa, na juu yake kuna fundo la masikio mawili, limepigwa vibaya, sikio moja kubwa na jingine dogo, kazi ya mwanaume aliyekuwa anatazama tu mke wake akifunga bila kujifunza. Mama yako alikuja na kisu. Nilimwambia asithubutu. Nililifungua kwa meno, taratibu, na Mama Zaina akasema, "Mumuone! Anang'ata kama jiwe ya redio!" Nikabana kikwembe tumboni nikacheka, na sikuumia sana.

Kamba nimejizungushia kiunoni juu ya kikwembe, inashikilia mahali panapotakiwa kushikiliwa. Nitaivaa hivyo ndani ya lori. Masera amesema akishatoa nyuzi, na akiona kidonda kimekauka, ataniruhusu, mradi nikae mbele karibu na dereva na mto tumboni. Mume wa Mama Zaina amekubali. Mama yako atashika mtoto. Vidonge nitakuwa navyo mfukoni, nitameza kabla ya mashimo kuanza.

Barua hii inanitangulia, chini ya bugali. Najua kabla hujaisoma ataisoma yule anayelinda mlango wako, basi asome. Ndugu mlinzi, umeona mwenyewe: hakuna siri humu ila ile hewa ya tumboni, na hiyo naomba uitunze. Yale mawe ni ya redio ya baba yangu na za akina baba wengine. Huyo uliye naye ndani hajui hata kupiga fundo, atawezaje kupigana vita? Ukifika mwisho, mpe karatasi yake, mwambie mwanawe ana masikio yake.

Kasereka wangu, kula vizuri. Lala kwa ubavu, sakafu haiumizi sana hivyo. Nakuja polepole, lakini nakuja kwa miguu yangu. Mama yako ameniletea bahasha na gundi, nimemrudishia. Kidonda kimefungwa, barabara imefungwa, na wewe umefungwa. Barua hii mimi siifungi.

Mke wako,
mama wa Paluku, na wa Kambale anayesukuma nyuma